Wi-Fi Inapopotea kwenye Kompyuta Iliyoundwa Nyumbani

Si ajabu siku hizi, mtu akiingia katika duka la steshenari mjini Makambako au katika chumba cha mwanafunzi mjini Njombe, kukuta kompyuta ya mezani isiyo na jina la kampuni yoyote mbele yake. Kasha ni la mtumba. Ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi, uliagizwa Kariakoo ukaletwa kwa basi. Diski ilitolewa kwenye kompyuta mpakato iliyovunjika kioo, na mwenye mali ndiye aliyeviunganisha vyote kwa bisibisi moja na subira nyingi. Kompyuta ya namna hiyo ina faida zake: gharama ni nafuu, na kila kipande kinaweza kubadilishwa peke yake. Kasoro yake, kwa upande wa ulinzi wa mtumiaji, ni kwamba haina mtengenezaji mmoja anayewajibika kwa ujumla wake. Wi-Fi ikipotea, aliyeuza kasha hahusiki, aliyeuza mazabodi yuko mamia ya kilomita Dar es Salaam, na mtoa huduma za intaneti atasema, pengine kwa haki, kwamba mtandao wake uko sawa.

Tuchukue mfano. Mwenye steshenari jirani na stendi ya Makambako anawahudumia wahitimu wa kidato cha sita wanaojaza maombi kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Maombi hayo hufanyika kwa njia ya mtandao, na yana siku ya mwisho. Asubuhi amefungua kasha la kompyuta kupuliza vumbi, akarudisha waya zote, akawasha. Kompyuta inawaka vizuri, lakini mtandao wa Wi-Fi wa dukani hauonekani. Anadhani kifurushi kimekwisha, ananunua kingine. Hali ni ileile. Anaazima ruta kwa jirani. Hali ni ileile. Jioni anamwita fundi, naye anashauri mazabodi ibadilishwe. Kwa muda wote huo vijiti viwili vya antena, vilivyofunguliwa nyuma ya kasha asubuhi ili kurahisisha usafi, viko mezani chini ya gazeti.

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo, lakini hakuna hatua ndani yake isiyoweza kumpata mtu yeyote. Mwenye duka amepoteza fedha za kifurushi ambacho hakukihitaji, yuko karibu kununua mazabodi asiyoihitaji, na vijana waliomtegemea wamerudi nyumbani bila kutuma maombi. Shabaha ya somo hili ni kumwezesha mtumiaji kujua, kabla hajatoa senti, mawasiliano yamekatikia wapi na nani anawajibika.

Viungo vitatu vya mnyororo mmoja

Intaneti inayofika kwenye kompyuta ya nyumbani hupitia viungo vitatu. Cha kwanza ni mtandao wa mtoa huduma, unaoishia kwenye mnara au kwenye waya unaoingia nyumbani. Cha pili ni ruta, ambayo hupokea huduma hiyo na kuigawa ndani ya nyumba kwa Wi-Fi. Cha tatu ni kompyuta yenyewe pamoja na kipokezi chake. Watu wengi husema "mtandao umekatika" kwa kila hitilafu, na hapo ndipo gharama zisizo za lazima huanzia, kwa sababu tiba ya kiungo kimoja haiponyi kingine.

Jaribio la kutenganisha viungo hivi halihitaji fundi. Linahitaji simu janja moja, nalo hufanyika hivi: mtumiaji azime data ya laini ya simu yake, aache Wi-Fi peke yake ikiwaka, kisha asimame pale pale ilipo kompyuta. Tunasisitiza data ya simu izimwe. Simu ikikosa intaneti kwenye Wi-Fi hugeukia laini yake bila kumwarifu mwenyewe, naye huamini ruta inafanya kazi kumbe sivyo.

Ikiwa simu haioni jina la mtandao wa nyumbani, au inaliona lakini inashindwa kuunganishwa, tatizo liko kwenye ruta. Ikiwa inaunganishwa lakini kurasa hazifunguki, ruta ni nzima na tatizo liko kati yake na mtoa huduma, au kwenye kifurushi. Ikiwa simu inafungua kurasa bila shida na kompyuta haifungui, mtoa huduma hana kosa, na kumpigia ni kupoteza muda. Mwenye steshenari wa mfano wetu angefanya jaribio hili asubuhi, asingenunua kifurushi kingine.

Tatizo likiwa kwenye kompyuta

Hapa tutakaa kwa kirefu, kwa kuwa kompyuta iliyoundwa nyumbani ina udhaifu ambao kompyuta mpakato haina. Katika kompyuta mpakato, antena zimefichwa kuzunguka kioo na hakuna anayezigusa. Katika kompyuta ya mezani, kadi ya Wi-Fi imo ndani ya kasha la chuma, na chuma huzuia mawimbi ya redio. Ndiyo maana nyuma ya kasha huwa na vituo viwili vidogo vya rangi ya dhahabu vyenye hesi, ambavyo antena hufungwa. Bila antena hizo kadi huweza kuiona ruta iliyo hatua mbili tu, kisha ikaipoteza mara mtu anapopita katikati. Wapo wanaounganisha kompyuta kwa mara ya kwanza na kuziacha antena ndani ya boksi wakidhani ni mapambo. Basi hatua ya kwanza ni kutazama nyuma ya kasha: je, antena zipo, na je, zimekazwa kwa vidole hadi mwisho?

Kwa kadi ndogo iliyolazwa juu ya mazabodi, kuna waya mbili nyembamba zinazotoka kwenye kadi hadi vituo vile vya nyuma. Vichwa vyake ni vidogo kuliko punje ya mahindi, na huchomoka kwa urahisi mtu anapoondoa vumbi. Kabla ya kuvigusa, mtumiaji azime kompyuta, achomoe waya wa umeme ukutani, kisha aguse sehemu ya chuma isiyopakwa rangi ili kuondoa umeme tuli wa mwilini. Sanduku la chuma linalopokea umeme, yaani pawa saplai, lisifunguliwe kamwe. Ndani yake umeme hubaki hata baada ya waya kuchomolewa.

Wanaotumia kipokezi kidogo cha USB badala ya kadi wana tatizo la namna nyingine. Kipokezi hicho huchomekwa nyuma ya kasha, karibu na sakafu, kati ya chuma na ukuta. Aidha, milango ya USB ya kasi, ambayo mara nyingi huwa na rangi ya buluu, na hasa diski ya nje iliyochomekwa hapo, hutoa kelele ya redio katika masafa ya gigahezi 2.4, ambayo ndiyo masafa ya Wi-Fi ya kawaida. Mtumiaji huona mtandao unakatika kila anaponakili mafaili na kurudi akimaliza. Tiba yake ni waya mfupi wa kurefushia USB: kipokezi kitolewe nyuma ya kasha na kuwekwa juu ya meza, mbali na diski. Nyumba nyingi za huku ni za matofali ya kuchoma na baadhi zina kuta nene, hivyo hatua moja ya kukisogeza kipokezi huweza kuleta tofauti kubwa kuliko kununua kipya.

Antena zikiwa sawa, hatua inayofuata ni kuiuliza kompyuta yenyewe kama inakitambua kipokezi. Kwa kompyuta za Windows, mtumiaji abonyeze kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi X, aachie, kisha abonyeze M. Itafunguka orodha ya vifaa vyote vilivyomo. Katika fungu la vifaa vya mtandao atafute kile chenye neno Wi-Fi au Wireless. Kikiwa na mshale mdogo unaotazama chini, kimezimwa, na kinaweza kuwashwa hapo hapo. Kikiwa na pembetatu ya manjano, programu inayokiendesha, ambayo mafundi huiita draiva, imeharibika au haipo. Kikiwapo bila alama yoyote, basi kompyuta inakitambua, na mtumiaji ahakikishe kwanza kwamba hali ya ndege haijawashwa kwa bahati mbaya.

Huenda kifaa kisionekane kabisa katika orodha. Kabla ya kuamini kwamba kimekufa, kuna jambo moja la kufanya ambalo halina gharama. Kompyuta ya mezani iliyozimwa lakini bado imechomekwa ukutani hupokea umeme kidogo muda wote, na kadi ya Wi-Fi huendelea kulishwa umeme huo. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, kadi huweza kuganda katika hali isiyoeleweka, na kuzima kompyuta kwa kawaida hakuiamshi. Mtumiaji azime kompyuta, achomoe waya ukutani, abonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 hivi ili umeme uliosalia uishe, asubiri dakika chache, kisha achomeke na kuwasha. Tiba hii ni nyepesi kiasi kwamba watu huidharau, lakini kadi nyingi zilizodhaniwa zimeungua hurudi kwa njia hiyo. Isiporudi, mtumiaji aichomoe kadi na kuirudisha vizuri mahali pake. Vilevile atazame kitabu cha mazabodi kama aliongeza diski hivi karibuni, kwa kuwa baadhi ya mazabodi huzima nafasi moja pale nyingine inapojazwa.

Kuhusu draiva, kuna kitendawili: ili kuipata unahitaji intaneti, na intaneti ndiyo imekosekana. Suluhisho liko mfukoni. Simu janja ikiunganishwa kwenye kompyuta kwa waya wake wa chaji, kisha ikachaguliwa kugawa intaneti kwa USB katika mipangilio yake, kompyuta hupata mtandao bila Wi-Fi na bila kipokezi chochote. Draiva ichukuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mazabodi au wa kadi, si kwenye tovuti zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa mpigo. Tahadhari moja ya fedha: Windows ikipata intaneti baada ya kuikosa kwa siku kadhaa huanza kupakua masasisho yake kimyakimya, nayo yanaweza kumaliza kifurushi cha simu kabla draiva haijafika. Katika mipangilio ya mtandao huo, mtumiaji auwekee alama kwamba ni wa kulipiwa kwa kipimo, na Windows itapunguza upakuaji huo. Njia hii ya waya ingewaokoa pia vijana wa Makambako waliokuwa wakisubiri. Maombi yao yangetumwa kwa simu ya mwenye duka, na uchunguzi ungesubiri jioni.

Lipo tatizo jingine linalowachanganya hata mafundi. Kompyuta inaona mitandao ya majirani lakini haioni wa nyumbani, ilhali simu inauona. Sababu mara nyingi ni masafa. Vipokezi vya bei ya chini hupokea gigahezi 2.4 peke yake, kwa hiyo ruta iliyowekwa kutangaza kwa gigahezi 5 tu haionekani kwao. Hata ndani ya gigahezi 2.4 kuna chaneli. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani huishia chaneli ya 11, wakati ruta za huku zinaweza kujichagulia ya 12 au ya 13. Kipokezi cha mtumba kutoka Marekani hakitaiona ruta hiyo hata ikiwekwa juu ya kasha. Mtumiaji aingie kwenye ukurasa wa ruta, ambao anwani yake huandikwa kwenye lebo chini ya ruta, na kuchagua chaneli ya 1, 6 au 11.

Mwisho kwa upande wa kompyuta ni betri ndogo ya duara iliyo juu ya mazabodi, ya aina ya CR2032, inayotunza saa kompyuta inapokuwa haina umeme. Katika mazabodi za mtumba betri hii mara nyingi imechoka. Wi-Fi inaunganishwa vizuri, lakini tovuti zinakataa kufunguka zikionya kuhusu usalama, na ukitazama kona ya kioo utaona tarehe ya miaka mingi iliyopita. Tovuti huthibitishwa kwa vyeti vyenye muda maalumu, na kompyuta inayoamini iko mwaka mwingine huvikataa. Betri hiyo ni rahisi kubadilisha, na bei yake ni ndogo.

Tatizo likiwa kwenye ruta au kwa mtoa huduma

Ruta haina mengi. Izimwe kwa dakika moja na kuwashwa tena, iondolewe karibu na mabati, friji na matenki ya maji, na ikiwezekana iwekwe juu na mahali pa wazi.

Kwa ruta zinazotumia laini ya simu kuna jambo ambalo tungependa watumiaji wa Njombe na Makambako walifahamu. Mtoa huduma anapaswa kumtaarifu mtumiaji matumizi ya kifurushi yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100. Taarifa hiyo huja kwa ujumbe mfupi kwenye laini husika. Lakini laini hiyo iko ndani ya ruta, na ruta haina kioo. Ujumbe hufika na kukaa humo bila kusomwa. Mtumiaji anaweza kuusoma kupitia ukurasa wa ruta tuliouelezea hapo juu, au kuitoa laini na kuiweka kwenye simu kwa muda. Akiwa na laini hiyo kwenye simu, ahakikishe pia imesajiliwa kwa alama za vidole kwa jina lake. Kupiga *106# humwonyesha mtumiaji laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha Taifa. Laini iliyonunuliwa pamoja na ruta ya mtumba, ikiwa na jina la mtu mwingine, inaweza kufungwa siku yoyote.

Kifurushi kikiwepo, laini ikiwa halali, na simu ikishindwa kufungua kurasa kupitia ruta, hapo ndipo mtumiaji ana dai kwa mtoa huduma. Aandike tarehe, saa, mtaa alipo, namba ya laini na aina ya kifurushi, na apige picha ya kioo inayoonyesha hali hiyo. Malalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, naye mtumiaji adai namba ya kumbukumbu ya lalamiko lake. Bila namba hiyo ni vigumu kuthibitisha baadaye kwamba alilalamika. Asiporidhika na majibu, au asipopata majibu, anayo haki ya kuliwasilisha lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa wakazi wa Mkoa wa Njombe, ofisi ya karibu ni ile ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iliyoko Mbeya. Asiyeridhika na uamuzi wa Mamlaka anaweza kukata rufaa kwa Baraza la Ushindani.

Si kila hasara ni ya Mamlaka kuishughulikia. Ikiwa kipokezi kilichonunuliwa ni bandia, chenye nembo ya kampuni isiyokitengeneza, suala hilo ni la Tume ya Ushindani. Ikiwa umeme uliorudi kwa nguvu umeunguza kadi, lalamiko huanzia TANESCO na linaweza kufika EWURA. Katika hali zote hizo risiti ndiyo ushahidi, ikiwa ni pamoja na risiti ya basi lililoleta kifurushi kutoka Dar es Salaam.

Kabla ya kumkabidhi fundi

Mtumiaji aliyefika hapa na bado hana Wi-Fi anahitaji fundi, na hilo si aibu. Tunamshauri aombe jambo moja kabla ya kukubali gharama yoyote: fundi achomeke kipokezi cha USB ambacho kinajulikana kufanya kazi. Kikifanya kazi kwenye kompyuta hiyo, mazabodi haina haja ya kubadilishwa. Kadi ya Wi-Fi peke yake ndiyo yenye kasoro, na bei ya kipokezi kipya ni sehemu ndogo ya bei ya mazabodi. Kipande chochote kinachobadilishwa, cha zamani kirudishwe kwa mwenye mali.

Kwa mwenye steshenari lipo jambo zito zaidi ya Wi-Fi. Ndani ya diski yake mna vyeti vya kuzaliwa, namba za vitambulisho, picha na nywila za wateja aliowajazia maombi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na kompyuta kulala siku tatu kwenye meza ya fundi, diski ikiwa ndani, si kuzilinda. Uchunguzi wa kadi ya Wi-Fi hauhitaji diski hiyo. Waya zake mbili zichomolewe, diski ibaki dukani, na fundi atumie diski yake mwenyewe kuwashia kompyuta.